Pishi Isiyobunguliwa: Habari za Fukusi na Dumuzi kutoka Lokori

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, walipofika katika mlango wa zaka ya fitri, hawakutosheka kutaja pishi na aina ya chakula tu. Walishuka hadi ndani ya punje. Walisema nafaka itolewayo iwe nzima. Iliyobunguliwa haitoshi, na aliyetoa hiyo fitri yake ingali shingoni mwake. Wapo wasemao kwamba hayo ni maneno ya watu wenye nafasi, watafutao mahali pa kutia ncha ya kalamu. Punje ina tundu, basi tundu lina nini? Mimi naona waliyoyaandika hayo walikuwa wamekwisha kutia mkono wao ndani ya gunia, na kama kuna mahali pa kuwaleta wenye shaka, basi ni hapa Lokori.

Kwa msomaji asiyepajua, Lokori ni mji mdogo wa mashariki ya Turkana, kando ya mto Kerio. Ukitoka Kitale unapita Kapenguria, unateremka hadi Marich, na hapo joto linakupokea kama mwenyeji asiyetaka uondoke. Ukifika Lokichar unaiacha barabara kuu iendayo Lodwar na Kakuma, unakunja kuelekea mashariki. Hapana bahari wala hapana mnazi, lakini mikoma ipo, ile ile tunayoichuma miaa ya kusukia makanda kule kwetu. Wenyeji huiita engol, huisukia vikapu, na matunda yake huliwa zaidi kuliko sisi tulavyo, maana sisi tuna mengine.

Nilifika pamoja na vijana wa jumuiya moja ya mji wetu wa pwani waliokusanya sadaka. Mahindi waliyanunua barani ili kupunguza gharama za lori, kunde walizitoa pwani, na tende walipewa na mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja kwa jina, kwa kuwa tende zenyewe zilikuwa za mwaka juzi. Mahindi yalilala katika ghala la watu miezi kadhaa yakingoja lori. Tulipoyashusha Lokori, magunia yalitoa vumbi jeupe kila yalipogusa chini, kama mtu anayepiga mto wa sufi. Usiku nililala katika chumba kilichopakana na stoo. Upepo ulipotulia nikasikia mchakato, mdogo mdogo, usiokoma, kama mvua ya mbali juu ya makuti. Mvua haikuwapo. Walikuwa wao, wanakula.

Asubuhi yake tulichukua gunia moja tukalimimina juu ya turubai. Nikapima pishi moja, nikaipepeta kwenye ungo na kuichekecha. Kilichobaki kizima ni vibaba viwili na nusu. Kibaba kimoja na nusu kilikuwa vumbi, maganda na wadudu. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba. Hawa wenzetu wana msemo wao, na wameufuata vizuri zaidi kuliko sisi tunavyoufuata wetu.

Najua, sadaka si fitri, na hukumu zake si moja. Lakini msomaji atakumbuka ile aya ya Suratul Baqara inayotukataza kukusudia kibaya katika mali yetu tukakitoa, hali sisi wenyewe tukipewa hicho hatukipokei ila kwa kufumba macho. Wafasiri wamesimulia sababu yake: watu wa Madina walikuwa wakitundika mikungu ya tende msikitini ili wale mafakiri, na yakatokea ya mtu kuleta tende kavu, mbovu, akazitundika pamoja na nzuri. Vijana wetu hawakukusudia hivyo, na nawashuhudia kwa hilo. Fukusi ndiye aliyewakusudia wao. Basi ni wajibu wa kila atoaye, na kila awekaye akiba, amjue mdudu huyu ni nani na anashindwa kwa njia gani.

Na pale Lokori swali hili si la bibi mwenye kabati ya jikoni anayeona nondo wawili wakiruka akachukia. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliupa jina la Lopiar, ulimaliza mifugo ya watu wengi sana. Baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kutimia. Mtu aliyepoteza mbuzi wake hana akiba nyingine ila iliyo katika gunia. Ndiyo maana vyakula vya asili vya Waturkana vimetengenezwa kwa ukavu: nyama hukaushwa, maziwa hukaushwa juani yakawa unga waitao edodo. Mtama wao wa kando ya mto hukomaa upesi, na wanawake ndio wenye mashamba yake tangu zamani. Siku hizi kuna na mahindi na kunde katika mashamba ya kunyunyizia, kama yale ya Morulem karibu na Lokori. Pamoja na mahindi alikuja na mgeni wake.

Tuanze na wadogo. Fukusi tumjuaye sote, yule mweusi au wa kahawia mwenye pua ndefu, hutoboa punje kwa pua hiyo, hutaga yai moja ndani ya kitundu, kisha huliziba. Mtoto hula punje kutoka ndani na huwezi kumwona. Baada ya mwezi na siku chache hutoka akiwa mtu mzima, na tundu uonalo ni mlango wa kutokea, si wa kuingilia. Kwa hiyo anayesema "mchele wangu uliingia wadudu jana" amechelewa kwa mwezi mzima. Aghalabu waliingia shambani, mahindi yangali juu ya bua, au katika ghala la muuzaji. Kuna na wale wekundu wadogo wa unga, ambao hawawezi kutoboa punje nzima na hungoja wengine watoboe. Kuna nondo ambao viwavi wao husuka utando kama wa buibui katika mchele, unga na tende.

Wa kunde ni mwingine kabisa. Mkubwa wake hali kitu. Anaishi siku chache tu, na kazi yake ni kubandika mayai juu ya ganda la kunde, vidoa vyeupe ambavyo ukivaa miwani utaviona. Mtoto hupenya moja kwa moja chini ya yai, hula moyo wa kunde, hutoka kwa tundu la duara lililokatwa kama kwa mkasi. Wiki tatu au nne, kizazi kimoja. Katika joto la Lokori hawana sababu ya kuchelewa.

Sasa mgeni mwenyewe. Dumuzi hakuwa wetu. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, alikokaa karne nyingi akila mahindi na miti mikavu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitua Tanzania, upande wa Tabora, na mwaka 1981 wataalamu walikwisha kumtambua. Wakulima walikuwa wamemjua kabla yao, kwa hasara. Walimwita Scania, kwa jina la lile lori kubwa, kwa vile lilipopita halikubakia kitu njiani. Napenda jina hilo. Hakuna mshairi ambaye angelitunga bora. Mwaka 1983 alionekana Taveta, amevuka mpaka bila ya pasi, na hakurudi tena. Baadaye huko bara ya Kenya vijana walimwita Osama. Kila zama na majina yake.

Ni mdudu mdogo, urefu wa milimita tatu hadi nne, mwili kama kipande cha mche uliokatwa nyuma kwa kisu, kichwa kimeinama chini ya kifua usikione. Fukusi anakula, dumuzi anasaga. Hutoboa punje hata asizozihitaji, na lile vumbi jeupe ndilo alama yake. Katika ghala za Tabora, magunzi yaliyowekwa miezi michache yalipatikana kupoteza hadi karibu theluthi ya uzani wake, pale ambapo wakulima walizoea kupoteza kidogo tu kwa fukusi. Anakula na mihogo mikavu, yaani makopa, akayafanya unga kabla ya mwenyewe kuyatwanga. Na mahindi yakiisha hujificha ndani ya nguzo na fito za ghala lenyewe, maana mti mkavu kwake ni nyumba na ni chakula. Mwaka unaofuata mahindi mapya yakiletwa, humkuta mwenyeji.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa ajili ya wasomaji waliosoma kisa cha Nabii Yusuf alayhi salaam. Alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, ya ng'ombe saba na masuke saba, alimwamuru kwamba watakachovuna wakiache katika masuke yake, ila kidogo watakachokula. Wafasiri wamesema: ili kisiharibike, kisiingie wadudu. Na ni kweli iliyojaribiwa, kwa kuwa ngano ina makapi yanayoikumbatia punje, na mtama vilevile una ganda lake dogo la kuukinga. Nilimsikia mtu mmoja, mwenye nia njema, akiwahimiza wakulima waache mahindi katika magunzi yake kwa hoja hiyo hiyo. Hapo ndipo elimu ya kitabu inapotaka elimu ya shamba iende nayo bega kwa bega. Nabii Yusuf aliwasemesha watu wa ngano. Punje ya hindi imekaa juu ya gunzi ikiwa wazi, imeshikwa imara isitikisike, na dumuzi hapendi kitu kama punje isiyotikisika: hupata pa kukanyaga, akasukuma, akatoboa. Mahindi yakipukuchuliwa punje humtelezea, kazi yake ikawa nzito. Basi kwa dumuzi shauri ni kinyume: pukuchua mapema, mahindi yakisha kukauka, usiyaweke magunzini. Wala hilo halipingani na kisa. Lililoamrishwa ni kuhifadhi kwa njia inayofaa kile chakula kilichopo.

Mama mmoja mwenye kipande cha shamba Morulem alikuja kutazama turubai letu. Alichota vumbi, akalinusa, akalipuliza. Nikamsalimia kwa neno la kwao moja nilijualo, "Ejok," akacheka, akanijibu kwa Kiswahili.

"Mzee, hii mmechelewa nayo."

"Tufanye nini, mama?"

"Muitoe yote. Msichanganye na ile mzuri. Ukiweka mgonjwa na mzima kwa nyumba moja, wote watakuwa wagonjwa."

Akaita binti zake wawili, wakaanza kazi kabla sijamaliza kushukuru. Walichekecha kila gunia mbali na stoo, upande ambao upepo unatoka mjini kwenda nje. Vumbi na wadudu walitiwa katika shimo wakachomwa moto. Punje nzima zilianikwa nyembamba juu ya turubai, zikigeuzwa. Wadudu wakubwa wengi hukimbia jua, wakatembea hadi kingoni mwa turubai wakaliwa na kuku wa jirani, ambao nadhani hawajapata siku kama ile.

Lakini yule aliye ndani ya punje hakimbii. Kwa huyo inataka joto la kumfikia. Kwa kunde ipo njia iliyopimwa na wataalamu, na Lokori ndipo mahali pake, maana jua hawalinunui. Chini hutandikwa mkeka au nyasi kavu ili joto lisizame ardhini. Juu yake karatasi nyeusi ya nailoni. Kunde hutandazwa juu ya nailoni hiyo, safu nyembamba, kisha hufunikwa kwa nailoni nyingine nyeupe iangazayo, na kingo zikakandamizwa kwa mawe pande zote. Saa mbili au zaidi za jua la adhuhuri, jua tupu lisilo wingu, huzipasha kunde zile hadi kufika digrii 57, na saa moja ya joto hilo huua yai, mtoto na mkubwa. Kisha zipoe kabisa kabla ya kutiwa chomboni, kwa sababu kunde zenye joto zikifungwa hutoa jasho, na jasho huleta ukungu. Nilitia kiganja chini ya nailoni adhuhuri ile. Sikukiacha huko.

Dawa za kale nazo zina haki yake, na ningependa wasomaji wa pwani wajue ipi ni dawa na ipi ni adabu ya jikoni tu. Karafuu katika pipa la mchele, pilipili kavu, majani ya muarobaini: haya hufukuza kidogo, na mdudu mwenye njaa huyazoea. Muarobaini umejaa hata Lodwar na Kakuma, umepandwa kwa kivuli, lakini jani kavu moja moja juu ya gunia halina nguvu waliyo nayo mafuta ya kokwa zake. Mafuta ya kupikia, ya nazi au ya karanga, yakipakwa kunde kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kilo na kuchanganywa sawasawa, huyazuia mayai yasiangue. Majivu ni dawa ya kweli, kwa sharti yawe mengi. Wengi hutia konzi moja kwa gunia kama wanaotia chumvi, kisha hulalamika. Majivu makavu yaliyochekechwa hujaza nafasi baina ya punje, mdudu asiweze kutembea wala kukutana na mwenziwe, tena humkwaruza ngozi. Kwa kunde, kiasi kinachofaa hukaribia kipimo kwa kipimo. Vivyo hivyo hufanya ule udongo mweupe mwepesi unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil: humtoa mdudu nta ya mwili wake, akakauka kwa kiu. Sumu haimo ndani yake hata kidogo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya wiki hii wala nisingoje Ramadhani.

Siku ya pili alikuja kijana mwenye kibanda cha bidhaa. Alikuwa na kichupa cha vidonge vya kijivu, akasema kimoja tu ndani ya gunia, ufunge, usiku mmoja, na kesho wadudu wote wamekufa. Hakusema uongo. Vidonge vile, ambavyo wataalamu huviita alumini fosfaidi, vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, nayo huua kila chenye pumzi. Gesi hiyo haijui kubagua baina ya fukusi na mtoto. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Hutumiwa na watu waliofundishwa, katika maghala yaliyofunikwa turubai zisizopitisha hewa, siku kadhaa, mbali na mahali wanapolala watu, na ghala hufunguliwa likapigwa upepo kabla ya mtu kuingia. Gunia la kawaida halizuii gesi: hutoka likaingia chumbani, ndiyo maana vilevile haliui wadudu sawasawa. Katika nyumba zetu nyingi gunia la chakula hukaa chumba kile kile cha kulala, chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Ndugu zetu walioko Ghuba wanazijua habari hizi, kwani huko Sharjah na Jeddah wamekufa watoto kwa sababu jirani katika nyumba ya pili alitia vidonge hivi kuua kunguni au wadudu wengine, na gesi ikapita ukutani. Yule kijana nilimwomba, kwa adabu, akiondoe kichupa chake. Aliniona mzee mkaidi, nami sikutaka kumtoa katika dhana hiyo.

Zipo na dawa za unga za kuchanganya na nafaka, zilizoruhusiwa kwa kazi hiyo. Tangu dumuzi aje, nzuri zao zimetiwa viungo viwili, kwa kuwa kile kinachomuua fukusi hakimwezi vizuri dumuzi, na kinachomuua dumuzi hakimtoshi fukusi. Anayezitumia asome karatasi yake, apime kwa kipimo chake, na angoje siku alizoambiwa. Asichukue dawa ya pamba au ya kuogeshea ng'ombe akaitia katika chakula, jambo ambalo hutendeka. Wataalamu walijaribu pia kumletea dumuzi adui yake wa huko kwao, mdudu mwingine mweusi amlaye, wakamwachilia Togo na kisha Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Amesaidia mahali, hajamaliza kazi.

Mama wa Morulem alikuwa na jibu jingine kwa kijana wa vidonge. "Mimi naziba tu," akasema. Na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haina sumu wala haina gharama kubwa. Mdudu naye anavuta pumzi. Mtie pamoja na nafaka kavu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, ukijaze hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo, ukifunge. Atavuta hewa iliyomo, itapungua, ataacha kula, ataacha kuzaa, atakufa. Kwa hiyo anajinyonga kwa pumzi yake mwenyewe. Mitungi yetu ya zamani iliyopakwa nta mdomoni ilifanya hivyo. Siku hizi ipo mifuko ya tabaka tatu, mbili za nailoni nzito na moja ya gunia nje, ambayo asili yake ni kazi iliyoanza Kameruni mwaka 1987 kwa ajili ya kunde, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Kenya inauzwa. Anayekosa hiyo atumie pipa lenye kifuniko cha mpira au mtungi wa plastiki wa mafuta uliooshwa ukakauka kabisa. Sharti ni tatu: kijazwe, kisifunguliwe kila siku, na kisikae juani. Dumuzi huweza kutoboa nailoni, kwa hiyo mifuko isiegemee nguzo za mti, na panya awekewe mtego.

Haya yote yana mwanzo mmoja, nao ni ukavu. Nafaka mbichi ikizibwa, wadudu watakufa na ukungu utaishi. Njia ya kupima ni rahisi: tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu yenye kifuniko, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Na hapa nawasihi wasomaji wasichanganye mambo mawili. Punje iliyobunguliwa, ukiichekecha na kuiosha, ni chakula kilichopungua. Punje iliyooza kwa ukungu ni sumu, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyoingia ukungu yakiwa na unyevu, na 125 miongoni mwao wakafa. Magunia yetu mawili yalikuwa na harufu hiyo. Hayo hatukuyachekecha wala hatukumpa kuku. Tuliyafukia.

Zilibaki tende. Hapo vijana walinitazama mimi kama mtu wa kitabu. Nikawaambia kwamba imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa tende za zamani, naye akawa anazifungua akizipekua na kuwatoa wadudu. Basi kupekua tende si ukosefu wa adabu kwa aliyetoa. Na Imamu Nawawi katika Minhaji amesahihisha kauli kwamba mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula, kama wa siki au wa matunda, yahalalika kuliwa pamoja nacho, si peke yake. Kwa hiyo aliyemmeza bila ya kujua asijitapishe. Na katika tafsiri ya wale qummal walioletewa watu wa Firauni, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba ni fukusi watokao katika ngano. Kijana mmoja akasema, "Kumbe ni adhabu, Mwalimu?" Nikamwambia kwa Firauni ilikuwa adhabu, kwetu ni uzembe wa kutokausha. Tukaketi kivulini tukazipekua tende moja moja hadi alasiri. Nzuri zilitiwa katika madumu yenye vifuniko, mbovu zikapelekewa mbuzi, ambao hawakuuliza hukumu.

Ikiwa vijana watakuja tena, na inshallah watakuja, tumekubaliana hivi: mahindi yanunuliwe mara baada ya mavuno, yaliyokwisha kupukuchuliwa, yapimwe kwa chupa ya chumvi mbele ya muuzaji, yatiwe katika mifuko ya kuziba siku ile ile, na lori likodiwe kabla ya kununuliwa gunia la kwanza. Magunia ya zamani yachemshwe maji au yaanikwe juani siku nzima kabla ya kutumiwa tena, kwa kuwa katika mishono yake hukaa mayai ya kutosha kuanzisha upya kila kitu. Gharama ya mifuko hiyo itakatwa katika idadi ya magunia. Mmoja wao alinung'unika kwamba watapeleka pungufu. Nikampa ungo ule wa kwanza, uliokuwa na vumbi lake bado, akapime mwenyewe.

Siku ya kuondoka nilimkuta mama wa Morulem akitia kunde zake katika mitungi mitatu ya mafuta ya kupikia, iliyooshwa ikaanikwa. Aliigongagonga chini ili kunde zishuke, akaongeza hadi mdomoni, akaweka kipande cha nailoni, akakaza kifuniko. Juu ya kila mmoja akachora kwa makaa mstari mmoja, miwili, mitatu. Nilimwuliza maana yake. Akasema ni zamu ya kufungua: wa kwanza baada ya miezi miwili, wa pili mvua ikikataa, wa tatu ni mbegu.

Akauviringisha ule wa tatu hadi pembeni, nyuma ya mingine, akaufunika kwa ngozi ya mbuzi.